Saa ya Mtaa wa Chini

Wanaume wa Tochizawa walitoka kwa kinyozi shingo zinang'aa na masikio yanawaka moto. Shingo zilikuwa kazi ya wembe wa Toshie Igarashi, masikio yalikuwa kazi ya mdomo wake. Mtu akishafungwa kitambaa, kichwa kimelazwa nyuma na wembe uko kooni, habishi. Toshie alilijua hilo vizuri. Alingoja wembe ufike penyewe ndipo amuulize mteja kwa nini juzi saa tatu kifuniko chake cha mfereji kilionekana wazi. Mteja alijibu kwa macho.

Kwa maana theluji ya huko haiogopwi kwa baridi, inaogopwa kwa wingi. Ikishaanguka haina pa kwenda. Nyumba zimebanana chini ya mlima, barabara ni nyembamba, na ukiisukuma itoke kwako inakuwa imeingia kwa jirani. Ndiyo sababu wazee wa zamani walichimba mfereji chini ya barabara, kutoka lango la mtoni huko juu hadi nyumba ya mwisho bondeni, na mbele ya kila nyumba wakaweka kifuniko cha chuma. Unafunua, unatupa, maji yanabeba. Lakini maji ni hayo hayo na mitaa ni mitatu, na wakitupa wote kwa pamoja mfereji unapaliwa. Kwa hiyo kila mtaa una saa yake. Mtaa wa Juu saa moja asubuhi, Mtaa wa Kati saa mbili na nusu, Mtaa wa Chini saa nne hadi tano na nusu, na saa sita wa Juu wanaanza upya. Nje ya saa yako kifuniko kinabaki kimefungwa, hata kama theluji inakuchungulia dirishani.

Aliyezungusha hendeli ya lango na kutangaza zamu kwa kipaza sauti cha ukumbi wa mtaa alikuwa Toshie. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeitamani. Mbele yake walimwita Mama Igarashi. Akigeuka walimwita Bi Saa.

Wala hakuzaliwa huko. Kwao ni pwani, ambako theluji huanguka asubuhi na kufika adhuhuri imeshakuwa tope. Aliolewa akiwa na miaka ishirini na mitatu na Sadaharu, kinyozi mpole aliyekata nywele kama mtu anayeziomba radhi. Katika baridi ya kwanza mama mkwe alimpa beleshi, akamwambia asafishe mbele ya duka. Habari ya saa hakumwambia, labda alisahau, labda alitaka kuona. Bibi harusi akafunua kifuniko saa nne barabara, akatumbukiza mabonge makubwa kama makabati, akafurahi kuyaona yanazama. Kabla nusu saa haijapita, jiko la nyumba ya mwisho Mtaa wa Chini lilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo.

Mwenye jiko alikuwa Kesayo Sekiguchi. Alipanda mtelemko na viatu vyake vya ndani vimelowa chapachapa, mkononi ameshika figili ya kuchachua. Toshie akajua ameshtakiwa. Kesayo akatazama huku na huku, akaona mama mkwe hayupo.

"Hii nimeiokota jikoni kwangu inaogelea," alisema. "Kula. Halafu nikufundishe."

Akamfundisha. Beleshi huinuliwa kwa magoti, mgongo utautaka uzeeni. Bonge lisizidi kipande cha tofu, ule mgando wa soya, cha kulisha watu wanne. Na kila asubuhi, kabla ya chai, usukume mlango wa kuteleza wa chumba cha kati kwa kidole kimoja. Ukiteleza, kunywa chai yako. Ukikwama, boriti zimeanza kuinama, panda paa. Ukigoma kabisa, toka nje na usirudi kuchukua kitu. Toshie aliyashika hayo mpaka akawa anayasema yeye kana kwamba alizaliwa nayo. Sadaharu alipofariki alishika wembe, akashika na hendeli ya lango. Binti yao aliyeko Tokyo alipiga simu kila Jumapili kumuuliza atahama lini, naye akajibu kila Jumapili kwamba ana mteja.

Mtu mmoja tu hakuwa mteja wake. Haga Yasukichi, muuza mboga wa Mtaa wa Juu, alikuwa anapanda treni vituo vitatu kwenda kunyolewa mji mwingine. Miaka minne nyuma Toshie alikuta kifuniko chake kiko wazi nje ya zamu, Haga mwenyewe ameinama juu yake. Toshie alimtaja kwa jina kwenye kipaza sauti, mitaa yote mitatu ikasikia, na mbwa nao. Haga hakujitetea hata kwa neno moja. Toshie alihesabu hilo kuwa ni kukiri.

Basi mwaka huo theluji ilianza Jumatatu, wiki ya pili ya mwezi wa kwanza, na kufika Ijumaa ilikuwa haijavuta pumzi. Jumanne treni ilisimama. Jumatano mlima ulimwaga theluji yake juu ya barabara ya bondeni, gari likawa haliingii wala halitoki. Alhamisi mayai yalikwisha dukani. Katapila lilifungua barabara kuu peke yake, dereva wake akawa analala humo humo. Vijana wa Tochizawa wako mijini. Waliobaki na mabeleshi walikuwa watu wa miaka sitini na sabini, wanapanda mapaa kwa ngazi huku wakiulizana habari za magoti. Ukumbi wa shule ulifunguliwa kwa wale ambao nyumba zao hazikuaminika.

Ijumaa saa moja Toshie alifungua maji, akawatangazia Mtaa wa Juu zamu yao, akarudi dukani. Duka lake lilikuwa la mwisho Mtaa wa Kati, pale mfereji unapopinda kuingia Mtaa wa Chini. Hata kengele ya mlango hakuiona, theluji ilikuwa imeimeza. Na paa lake hakuwa amelipanda tangu Jumatano, kwa sababu kila alipoinua ngazi kulikuwa na mtu wa kumsaidia kwanza. Alikuwa bado anaparua njia ya kuingilia ndani simu ya mkononi ikalia.

"Mlango umegoma nusu," Kesayo alisema. Sauti yake haikuwa na haraka. "Nimetumia mikono miwili."

Toshie alitazama rundo alilokwisha kuliparua. Lilikuwa limeziba njia ya kuteremkia, na saa ya mtaa wake ilikuwa bado. Alifunua kifuniko, akakiegemeza ukutani, akatumbukiza mabeleshi kumi, labda kumi na mawili, akateremka mbio.

Kesayo, miaka themanini na minne sasa, alimpokea amevaa sweta mbili na kilemba cha taulo. Theluji ya paa ilikuwa imeshuka kama mkono mpaka ikashikana na theluji ya chini, na mkono huo ukishashikana huvuta paa kuelekea chini kama mtu anayevuta shuka ya mwenzake. Ndani, boriti zilikuwa zinalia kidogo kidogo. Toshie akamtaka waende shuleni, kuna joto na uji.

"Nikienda nani ataukoka moto?" Kesayo alisema. "Nyumba baridi ndiyo inayoanguka kwanza. Wewe umewahi kuona nyumba yenye moto ndani imelala chini?"

"Nimeona."

"Ya nani?"

Toshie aliinua macho kwenye boriti.

"Basi lete watu wapande. Mimi nitakaa hapa nisukume mlango wangu."

Toshie aliangalia ule mlango, nusu wazi, umekaa mshazari kwenye njia yake. Akajua hakuna maneno yatakayomtoa bibi huyu humo. Kumbeba hawezi, na angeweza, Kesayo angerudi kwa dirishani. Kilichobaki ni kuupunguza uzito juu ya kichwa chake. Mbele ya nyumba hapakuwa na mahali pa kurundika hata ndoo moja. Theluji ya paa lile ilikuwa na njia moja tu ya kuondoka, nayo ni mfereji.

"Saa nne maji ni yenu," alisema. "Nitaleta watu sita. Saa sita haijafika paa litakuwa uchi."

"Na maji yasipokuja?"

"Maji yangu yamewahi kuchelewa lini?"

Alipanda kwa ngazi za hekalu, ndiyo njia ya mkato, akafika ukumbini kutangaza zamu ya Mtaa wa Kati, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya watu. Saa nne kamili akatangaza Mtaa wa Chini, akateremka tena kwa ngazi zile zile. Watatu walikuwa juu ya paa, wamejifunga kamba. Watatu walikuwa chini na mabeleshi. Wakafunua kifuniko.

Mfereji ulikuwa na maji ya kunawa mkono mmoja.

Wakangoja. Bonge la kwanza walilotupa lilikaa pale pale, likawatazama. Kutoka ndani sauti ya Kesayo ikasema kwamba mlango umesogea, ila umesogea kule kubaya.

Toshie hakuhitaji kufikiri. Mtu huko juu alikuwa anatupa nje ya zamu, na mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja. Alipanda mpaka ukumbini, pumzi inamkata, akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Mtaa wa Juu, kuna mtu anakula saa ya wenzake. Haga Yasukichi, funga kifuniko chako. Kuna paa la mtu huku."

Kisha akapanda zaidi, kwenda kumkamata kwa macho.

Haga alikuwa amesimama mbele ya duka lake mikono nyuma, nywele zimemteremkia shingoni kwa sababu treni ilikuwa haifanyi kazi. Chini ya miguu yake, mahali pa kifuniko, theluji ilikuwa ya kufika magotini, laini, haijaguswa na kitu ila nyayo za paka.

"Umenitangaza tena," alisema.

Toshie alizitazama zile nyayo za paka. Haga akachukua beleshi, akafukua, akainua chuma. Chini yake maji yalikuwa yanapita kwa kishindo, mengi, yamejaa nusu ya mfereji.

"Haya yote yanakwenda wapi, Mama Igarashi?"

Hilo lilikuwa swali zuri, na Toshie hakupenda limetoka kwa nani. Haga alichukua mwanzi mrefu, wakateremka pamoja wakifunua kifuniko kimoja kimoja. Kwa muuza samaki, maji. Kwa mtengeneza mikeka, maji. Mbele ya posta, maji, lakini yanakwenda taratibu. Kufika nyumba ya tatu juu ya kinyozi yalikuwa yamesimama, yamejaa hadi ukingoni. Saa ilikuwa nne na nusu.

Duka la Toshie halikuonekana. Mahali pake palikuwa na kilima. Theluji yote ya paa lake la mbele, ya siku tatu ambazo hakulipanda, ilikuwa imeteleza kwa mpigo na kuingia moja kwa moja ndani ya mfereji. Theluji ya Mtaa wa Kati ikaja juu yake, ikabanana hapo, na maji yakajitafutia njia kupitia nyuma ya duka hadi kwenye mashamba ya mpunga yaliyolala. Hakuna aliyelowa, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Na kifuniko kilikuwa kimeegemea ukuta, pale pale alipokiegemeza.

Haga alikichoma kile kilima kwa mwanzi wake. Alikichoma taratibu, kama mtu aliyengoja miaka minne na sasa hana haraka. Mwishowe alisema, "Angetumbukia mtu humo."

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe. Na yule paka, kama amenifuata."

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Toshie. Tufani imeangusha theluji ya paa. Si uongo, iliangusha. Lakini kizibo kile hakikuwa kazi ya watu wawili, kilitaka mianzi ishirini na mikono arobaini, na mikono yenyewe ilikuwa Mtaa wa Juu, imekaa majumbani na vikombe vya chai, imetukanwa asubuhi asubuhi mbele ya mitaa mitatu. Nani angetoka? Angesema tufani, wangesema tufani ijizibue. Na Kesayo alikuwa bondeni anasukuma mlango.

Alikwenda ukumbini. Akabonyeza kitufe.

"Huyu ni Toshie wa kinyozi. Leo asubuhi nimefunua kifuniko changu saa isiyo yangu, nikakiacha wazi. Theluji ya paa langu imeingia humo. Haga hana kosa. Mtaa wa Juu hamna kosa. Mfereji umeziba kwangu, na paa la Bibi Kesayo haliwezi kungoja. Njooni na mianzi. Mkishamaliza mtanisema mnavyotaka."

Kipaza sauti kilikoroma, kikanyamaza. Alipotoka nje hakukuwa na mtu barabarani, theluji tu. Akachukua beleshi akaanza peke yake. Haga alikuwa ameshaanza.

Wa kwanza kufika alikuwa muuza samaki na wake zake wawili, kama alivyowaita, yaani mkewe na dada wa mkewe. Kisha mtengeneza mikeka. Kisha wakaja wengi kwa pamoja, wamevaa makoti ya plastiki, mianzi begani.

"Bi Saa," muuza samaki alisema, "leo betri imekwisha?"

"Chimba. Nitakujibu Jumamosi ukiwa kitini."

Walicheka, na kicheko kilipasha joto kuliko sweta. Walikata kizibo kwa vipande, wakasukuma mianzi, wakavuta, wakasukuma. Katikati ya kazi Toshie, bila kuinua kichwa, alimuuliza Haga kwa nini siku ile ya miaka minne nyuma hakujitetea.

Haga alichimba mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Nilipiga chafya meno yangu ya bandia yakaangukia mferejini. Nilikuwa nayatafuta."

"Ungesema."

"Ningesemaje, mama? Sikuwa na meno."

Toshie aliegemea beleshi. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji, na machozi yalipotoka hakuyapangusa, kwa sababu hayakuwa ya kicheko peke yake. Akaomba radhi akiwa amekaa hivyo hivyo. Haga akasema sawa, ila amkumbushe dereva wa treni kwamba amepoteza mteja.

Saa sita kasoro dakika kumi kizibo kilivunjika kwa mlio kama wa gunia kupasuka, na maji yakaondoka na mwanzi wa mtu. Watu wakashangilia. Toshie hakushangilia. Saa ya Mtaa wa Chini ilikuwa imekwisha dakika ishirini zilizopita, na baada ya dakika kumi maji yalikuwa ya Mtaa wa Juu. Nao walikuwa na mapaa yao, yamebeba theluji vile vile. Alikuwa ameharibu saa moja, hakuwa na haki ya kuchukua ya pili. Alichomeka beleshi kwenye theluji akabaki hapo hapo, wala hakuelekea ukumbini.

Haga aliwatazama wenzake wa Juu. Muuza samaki akainua mabega. Mtengeneza mikeka akasema paa lake ni jipya, litavumilia mpaka jioni. Hawakufanya mkutano. Haga aliingia ukumbini, akagongagonga kipaza sauti, kitu ambacho Toshie aliwakataza watu wote.

"Mtaa wa Juu, huyu Haga. Vifuniko vibaki vimefungwa. Zamu yetu ya mchana tumewapa wa Chini. Mwenye neno anifuate, mimi ndiyo nateremka kwa Bibi Kesayo."

Jambo hilo halikuwahi kutokea. Zamu ya maji ilikuwa kama kaburi la ukoo, haigawiwi.

Wakateremka wote na mabeleshi. Waliokuwa juu ya paa walikuwa watatu, wakawa tisa. Theluji ilishuka kwa vipande, ikapokewa, ikakatwa, ikatumbukizwa. Toshie alisimama kwenye kifuniko akipima kila bonge kwa macho, na lililozidi tofu ya watu wanne alilirudisha. Kila baada ya muda aliita kuelekea ndani, na kutoka ndani Kesayo akajibu, "Bado."

Saa saba, bado.

Saa nane kasoro walikata ule mkono ulioshikanisha paa na ardhi, na ukingo wa paa ukainuka kidogo, ukitoa pumzi. Toshie akaita. Hakujibiwa. Akaita tena, kisha akatupa beleshi akaingia na mabuti yake ya theluji, kitu ambacho mwenye nyumba yeyote angemfukuzia.

Kesayo alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kati. Alimwonyesha kwa kidevu atazame. Akaweka kidole kimoja, cha shahada, kimepinda kwa uzee, akasukuma. Mlango ukateleza mpaka mwisho, ukagonga nguzo yake kwa sauti ndogo.

"Kunywa chai," Kesayo alisema. "Na uvue hayo mabuti."

Walikunywa kwa zamu, watu watatu watatu, kwa sababu vikombe havikutosha. Nje theluji ilikuwa bado inaanguka, lakini nyembamba sasa, na mtu mmoja aliyekuwa juu ya paa alipiga kelele kwamba anaona taa ya katapila kwenye barabara ya bondeni, linakuja kutoka upande wa pili. Kesayo alipitisha sahani ya figili. Ilipofika kwa Toshie, bibi aliishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

"Kula," alisema. "Hizi hazijaogelea."

Haga, mdomo umejaa, alijipapasa nywele zilizomfika kwenye kola.

"Jumanne saa tatu," Toshie alimwambia. "Usichelewe."

Haga alimtazama. Wengine nao wakamtazama. Toshie akachukua kipande cha figili, akatafuna taratibu.

"Au njoo ukipata nafasi," alisema.